Mjumbe hauawi? Muulize Arthur Morgan alipotumwa kwa Thomas Downes

KAMA umewahi kucheza Red Dead Redemption 2, Arthur Morgan unamjua kama unavyomjua jirani wa mlango wa pili. Unaijua kofia yake, unamjua farasi wake, hata lile daftari analochoria usiku kambini umelifungua mara kadhaa. Lakini mtu akikuuliza ghafla, Thomas Downes ni nani? Huenda ukakuna kichwa kwanza. Halafu utasema, "Aah, si yule msee wa deni?"

Ndiye huyo. Ukijumlisha mahali pote anapoonekana, Downes anapata dakika chache tu katika gemu inayoweza kukula zaidi ya saa 50 kabla hujafika mwisho wa hadithi. Hana bastola kiunoni. Hakupi misheni. Hakuna wimbo unaopigwa akitokea. Ni mkulima aliyekonda, ana mke, ana kijana mmoja, na anadaiwa pesa. Ilhali ukimtoa yeye, hadithi ya Arthur haina pa kwenda.

Sasa, ikiwa bado hujaimaliza gemu yenyewe, ishia hapa. Nenda uimalize, kisha urudi. Kuanzia aya inayofuata hakuna siri itakayobaki.

GENGE LENYE SHAILOKI WAKE

Kampuni ya Rockstar Games ilitoa gemu hii tarehe 26 Oktoba 2018 kwa PlayStation 4 na Xbox One, ikaingia kwenye kompyuta Novemba 2019. Imeuza zaidi ya nakala milioni 60. Hadithi ni ya mwaka wa 1899 nchini Marekani, katika majimbo ya kubuni, wakati ambapo reli na sheria zinafika kila pembe na majambazi wa farasi wanaanza kuishiwa na mahali pa kujificha.

Dutch van der Linde na genge lake wamejaribu wizi mkubwa katika mji wa Blackwater, mambo yakaharibika, na pesa zikabaki huko. Wanatorokea kwenye milima yenye theluji. Wanaposhuka, wanapiga kambi mahali panapoitwa Horseshoe Overlook, karibu na mji wa wafugaji wa Valentine. Hawana doo. Kila mtu kambini lazima alete kitu.

Wengine wanawinda. Wengine wanavamia magari ya farasi na treni. Lakini kuna mzee mmoja mwenye miwani, Leopold Strauss, mzaliwa wa Austria, ambaye hasla yake ni ya kalamu na karatasi. Strauss ni shailoki. Anawatafuta watu waliobanwa, anawakopesha kwa riba, anaandika majina yao kitabuni. Siku ya malipo ikifika, hatoki yeye kwenda kudai. Anamtuma Arthur.

Arthur haipendi kazi hii, na anasema hivyo waziwazi. Kuibia benki anaona ni sawa, lakini kumkamua maskini kunamkera. Hata hivyo anaenda, na wewe uliyeshika kontrola unaenda naye. Mmoja wa wadaiwa ni Wróbel, Mpolandi asiyejua Kiingereza. Hamwelewani hata neno, basi unaipekua nyumba yake na kubeba vitu vya thamani huku yeye akilalamika kwa lugha yake. Wachezaji wengi hucheka hapo. Kisha wanafuata jina jingine kwenye orodha: Downes.

ULIKUWA UMESHAKUTANA NAYE

Kitu ambacho wengi hawakikumbuki ni kwamba siku unayomwendea Downes kwa sababu ya deni si siku ya kwanza kumwona. Kabla ya hapo, mjini Valentine, kunazuka vita ndani ya baa. Arthur anapambana na jitu moja linaloitwa Tommy, wanatupana nje hadi kwenye matope, na Arthur anamlemea. Anaendelea kumpiga mtu ambaye tayari ameshindwa. Watu wamesimama wanatazama kama sinema.

Katika umati ule mzima, mtu mmoja ndiye anayejitokeza kumsihi Arthur aache. Ni yule mkulima mgonjwa, Thomas Downes. Tommy si ndugu yake, hana sababu ya kujiingiza, na akipigwa ngumi moja ataanguka. Anaingia tu, kwa sababu ameona mtu akielekea kuuawa kwa ngumi mchana peupe.

Downes huyo huyo ndiye anayechangisha pesa za kuwasaidia maskini pale mjini. Fikiria hilo kidogo. Yeye mwenyewe amekopa kwa shailoki, kifua kinamuuma, na bado anawaombea wengine. Kwetu tungemwita mtu wa watu.

Kwa hivyo unapofika kwenye shamba lake, humwendei mtu usiyemjua. Unamwendea mtu aliyekuomba usimuue mwenzake kwa kipigo. Na unaenda kumpiga yeye.

KOHOZI MOJA

Tukio lenyewe ni fupi. Downes yuko shambani anafanya kazi. Arthur anadai pesa, Downes anasema hana. Arthur anamshika, anampiga, anamgandamiza kwenye ua wa mbao. Mkewe, Edith, anatoka mbio akipiga kelele kwamba mumewe ni mgonjwa. Wakati huo Downes anakohoa, na damu inamrukia Arthur usoni.

Arthur anajipangusa na kwenda zake. Wewe pia unaenda zako, labda kuvua samaki, labda kucheza karata. Hakuna onyo linalotokea kwenye skrini. Hakuna muziki wa kutisha. Gemu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku chache baadaye Strauss anakwambia Downes amekufa, lakini deni liko palepale. Unatumwa tena. Unamkuta Edith na kijana wao, Archie, wakifungasha vitu ili wahame, na Arthur anachukua hata kile kidogo walichobakiwa nacho.

Inapita miezi kadhaa ya hadithi, treni na benki na maiti nyingi, kabla ya sura ya sita. Arthur anakohoa juu ya farasi. Anaanguka barabarani katika jiji la Saint Denis. Mpita njia anamsaidia kufika kwa daktari, na daktari anampa jina la kitu ambacho amekuwa akikibeba tangu siku ile shambani: kifua kikuu. Anamshauri aende mahali penye joto na hewa kavu, apumzike. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye pesa na muda. Arthur hana hata kimoja.

Kuanzia hapo sura yake inabadilika mbele yako. Macho yanakuwa mekundu, ngozi inapauka, mwili unaisha. Yule mwanamume uliyemjenga kwa saa nyingi kwa nyama ya kulungu na nguo nzuri anayeyuka, na hakuna dawa ya kununua dukani.

JE, INAWEZEKANA KWELI?

Tuseme ukweli kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu Kenya bado iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani mtu mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza. Kwa kawaida maambukizi hutokea kwa watu wanaokaa pamoja muda mrefu mahali pasipo na hewa ya kutosha: chumba kimoja, bweni, seli, matatu iliyofunga madirisha. Kusalimiana kwa mkono hakukupi TB. Na katika kila watu 100 walioambukizwa, ni kama 5 hadi 10 tu ambao wataugua maishani mwao, ingawa hatari hupanda sana kwa mtu mwenye kinga dhaifu.

Kwa hivyo kukoholewa mara moja nje, penye upepo, kisha kuugua ndani ya miezi michache, ni bahati mbaya kupindukia. Inawezekana, ila waandishi wa gemu wameifupisha safari.

Wakati wa hadithi, lakini, wameuchagua vizuri. Daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza jijini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu. Dawa ya kwanza iliyofanya kazi vizuri, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka wa 1943. Mwaka wa 1899 uko katikati. Daktari wa Saint Denis anaweza kujua kabisa ni nini kinachomuua Arthur, lakini hana cha kumpa.

Hata huko Magharibi ya kweli, ya historia, TB ilikuwa inawamaliza watu wa bastola. Doc Holliday, yule daktari wa meno aliyegeuka mcheza kamari na mpiga risasi maarufu, hakufa kwa risasi. Kifua kikuu kilimuua Glenwood Springs, Colorado, mwaka wa 1887, akiwa na umri wa miaka 36.

Leo mambo ni tofauti. TB ya kawaida inatibika kwa dawa za miezi sita, na katika hospitali za umma hapa Kenya matibabu yake hayalipishwi. Kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, homa ya mara kwa mara na kupungua uzito bila sababu ni dalili za kukupeleka kupimwa, si za kukupeleka kwenye duka la dawa kununua sirapu ya tatu. Arthur angekuwa kijana wa leo mwenye zahanati karibu, angepona.

MJUMBE HAUAWI?

Sasa turudi kwa Downes, kwa sababu hapo ndipo gemu inapokubana.

Red Dead Redemption 2 ina kipimo cha heshima. Ukimsaidia mtu aliyeumwa na nyoka kando ya njia, kinapanda. Ukimpiga risasi asiye na hatia, kinashuka. Gemu inakuambia kila mara kwamba chaguo ni lako. Lakini kwa Downes hakuna chaguo. Ikiwa unataka hadithi isonge, lazima uende kwenye lile shamba. Wapo wachezaji ambao hukaa makusudi katika sura ya pili kwa wiki nzima, wakiwinda na kuvua, wakiliacha jina la Downes kwenye ramani bila kuliguswa, ili Arthur wao asiugue. Wanajua siku watakayobonyeza, mambo yamekwisha.

Unaweza kulalamika kwamba si haki. Mimi naona hapo ndipo waandishi walipopatia. Arthur mwenyewe haoni kama ana chaguo. Yeye ametumwa. Deni si lake, riba hakupanga yeye, kitabu ni cha Strauss. Katika akili yake yeye ni mkono tu, na mkono hauna lawama. Waswahili wana msemo wa kumkinga mtu wa aina hiyo: mjumbe hauawi.

Gemu hii inajibu kwamba anauawa. Strauss, aliyeandika jina la Downes kitabuni, hakuwahi kukanyaga shamba lile, na damu ya mgonjwa haikumfikia. Dutch, aliyekula pesa zile, naye hakukohoa. Ugonjwa ulimshika aliyetumwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu vya kutosha kupiga.

Na Arthur si mtu asiyejua uchungu wa aina hii. Zamani alikuwa na mtoto wa kiume, Isaac, aliyezaa na mwanamke aitwaye Eliza. Majambazi waliwaua wote wawili kwa ajili ya dola 10. Anajua vizuri familia inavyoweza kufutwa kwa pesa isiyofika mbali. Bado alienda kwa Downes, kwa sababu kazi ni kazi.

Kuna mazungumzo kwenye stesheni ya reli, katika sura ya sita, ambapo Arthur anamwambia mtawa mmoja, Sister Calderón, kwamba anaogopa. Jambazi mkubwa kuliko wote kambini, na anasema anaogopa. Ni kati ya matukio yaliyompa Roger Clark, mwigizaji wa Arthur, sifa tele. Mwaka huo wa 2018 alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika The Game Awards. Lakini kumbuka aliyemfikisha Arthur kwenye benchi lile la stesheni. Ni mkulima aliyekufa tangu sura ya pili.

EDITH NA ARCHIE

Gemu nyingi zingemwacha Downes hapo. Ameshafanya kazi yake, ameambukiza, amekufa. Hii inakurudisha kwa waliobaki.

Katika mji wa machimbo wa Annesburg unamkuta Archie, yule kijana, akifanya kazi ya makaa ya mawe. Mamake, Edith, anauza mwili. Mama aliyekuwa na shamba, mume na jikoni lake sasa anasimama gizani akingoja wanaume wachafu wa mgodini. Hakuna jambazi aliyewafikisha pale kwa siku moja. Ni mahesabu tu: baba amekufa, deni limechukua akiba, shamba limekwenda, kijana hana ujuzi.

Arthur, ambaye sasa anakohoa kama alivyokohoa mume wa huyu mama, anawasaidia na kuwapa pesa waondoke. Edith hamrukii shingoni kwa shukrani. Anamchukia, na ana haki. Arthur naye haombi kusamehewa. Anataka tu pesa zipokelewe. Katika sura hiyo hiyo anaanza kuwasamehe wadaiwa waliobaki kitabuni, na mwishowe anamfukuza Strauss kambini.

Misheni ya Annesburg ni ya hiari. Unaweza kumaliza gemu nzima bila kuifanya, na ndiyo maana wengi wanaomkumbuka Downes kama "yule msee wa deni" hawajui mkewe aliishia wapi. Kwako Downes ni mhusika mdogo kwa sababu kontrola iko mikononi mwa Arthur. Kwa Archie alikuwa baba. Mtu huwa mdogo au mkubwa kulingana na nyumba unayomtazamia.

WEWE NI NANI KATIKA HADITHI HII?

Ni rahisi kijana wa Nairobi, Mombasa au Nakuru kujiona ndani ya Downes. Mikopo ya simu tunaijua. Unakopa Jumatatu uongezee kodi ya keja, siku ya kulipa inafika kabla ya mshahara, simu zinaanza. Kuna kipindi mawakala walikuwa wakimpigia hadi bosi wako na shangazi yako wa kijijini kuwatangazia kwamba unadaiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, zilizotoka Machi 2022, zinapiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya simu yako. Kama hukujua, sasa unajua. Deni ni la kulipa, lakini aibu haimo kwenye mkataba.

Kujiona ndani ya Arthur ni kugumu zaidi, na pengine ndiko kunakotufaa. Kwa sababu ile sauti inayopiga simu saa mbili usiku mara nyingi ni ya kijana kama wewe, ametoka chuo, amepewa orodha ya majina na idadi ya pesa za kukusanya kabla ya Ijumaa. Yeye pia hakupanga riba. Yeye pia ametumwa. Si lazima hata iwe kazi ya madeni. Inaweza kuwa kaka mkubwa anayekutuma umtishe mtu, mwanasiasa anayekupa elfu moja ukavuruge mkutano, rafiki anayekuomba umpostie mtu picha ya kumwaibisha. Kila mara kuna mtu aliye salama nyuma ya kitabu, na kuna mtu aliye uso kwa uso na Downes.

Huyo wa pili ndiye anayerudi nyumbani na kitu usoni.

Kwa hivyo ukiianza tena gemu hii, jaribu mambo mawili. Pale Valentine, kwenye matope, mtazame vizuri yule mwanamume mwembamba anayekusihi umwache Tommy. Na ukifika sura ya sita, usipite Annesburg haraka. Kuna mama pale unayemfahamu, na kijana wake yuko mgodini.